Jivu Chini ya Kona

Wolfgang Margwe hakuhitaji kuingia ndani. Alikuwa bado ameshika usukani wa baiskeli pale kwenye lango la miti, tope limemjaa mpaka magotini, alipoinua uso kuitazama nyumba ya marehemu Emanuel Hhando. Macho yakaenda yenyewe kwenye ukingo wa bati. Ukingo ule aliuvuta kwa kamba kwa mikono yake miaka kumi nyuma, ukanyooka mpaka Emanuel akamsifia mbele ya majirani. Sasa upande wa kushoto, ule unaotazama bondeni, ulikuwa umeshuka. Si sana. Mtu mwingine angepita pale kila siku asione kitu. Wolfgang aliona.

Ilikuwa Jumatatu, katikati ya Novemba mwaka 2006. Mvua za vuli ziliingia mapema mwaka ule na zikagoma kuondoka; kijiji chote cha Daudi kilikuwa ukungu asubuhi na mvua mchana, na barabara ya kwenda Mbulu mjini ilikuwa imekatika mara mbili. Oliva, mjane wa Emanuel, alikuwa amemtumia ujumbe baada ya misa: nyumba imefanya nyufa kidogo, aje azizibe na apake rangi, kwa sababu Jumamosi ni sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Violeth, na wageni wa upande wa mume watatoka Katesh. Harusi walitaka ifungwe kabla ya Majilio.

Wolfgang alikuwa mtu wa Daudi hapo hapo, mtoto wa wakulima wa ngano na maharage. Jina lake alipewa ubatizoni na padre mzee wa Kijerumani, na utotoni alichekwa sana kwa sababu ya jina hilo. Ufundi aliupata misheni, akianza kwa kubeba maji ya zege, mpaka siku bruda mmoja alipompa mwiko akamwambia ajaribu kupanga kozi moja, safu moja ya tofali. Baadaye akaajiriwa kwenye mashamba makubwa ya ngano ya serikali kule Hanang. Alikaa huko miaka kumi na sita akijenga maghala na nyumba za wafanyakazi. Udongo mweusi wa kule mbugani ndio uliomfundisha nyufa. Kiangazi udongo ule hupasuka mpaka mkono unazama. Mvua ikinyesha huvimba, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua. Alijifunza kutofautisha ufa wa lipu iliyokauka haraka na ufa wa ukuta unaokwenda zake.

Wafanyakazi walipopunguzwa miaka ya tisini, alirudi nyumbani na mke, watoto wanne na sanduku la vifaa. Alikuta mambo yamebadilika. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Simenti, ambayo zamani mtu aliipata kwa kibali, ilikuwa imepangwa madukani Mbulu mjini, na mabati vilevile. Waliofanikiwa kwa vitunguu saumu na maharage walianza kubomoa nyumba za udongo, kila mmoja akitaka nyumba ya tofali za kuchoma, na kila mmoja akiitaka kabla ya Krismasi. Emanuel Hhando alikuwa mmoja wao. Alinunua vitunguu saumu kwa wakulima akavipeleka Arusha, na mwaka 1996, mwezi wa nane, alimwita Wolfgang wachimbe msingi.

Kiwanja kilikuwa ubavuni mwa kilima, kimesawazishwa kwa majembe. Upande wa nyuma sururu iligonga udongo mwekundu mgumu, kazi ya jasho. Kona ya mbele kushoto ilikuwa kitu kingine. Pale Wolfgang alishindilia mtarimbo kwa mkono mmoja, ukazama mpaka akabaki ameshika ncha. Akachimba zaidi. Kikatoka jivu, jivu jingi la kijivu lililokaa miaka, na mkaa, na samadi iliyogeuka kuwa unga, na gogo lililooza, na kipande cha jiwe la kusagia. Emanuel alipoulizwa alieleza bila kuficha. Pale palikuwa na tembe ya babu yake, nyumba ya kuchimbiwa kwenye kilima kama wazee walivyojenga ili adui asiione kwa mbali. Ilipobomoka, shimo likawa mahali pa kumwagia jivu na samadi, na mwisho likasawazishwa.

Wolfgang alimwambia kwamba kona ile ni lazima ichimbwe mpaka wafike udongo mgumu, hata kama ni urefu wa mtu, au nyumba nzima isogezwe nyuma. Emanuel alitazama mawe yaliyokwisha kushushwa, akatazama mawingu. Mawe hayo hayangetosha msingi wa kina hicho, na lori lililoyaleta lilikuwa limeshakwenda kubeba mahindi. Akasema ajaze mawe, ashindilie vizuri, likitokea la kutokea watarekebisha.

Wolfgang alikuwa na miezi saba bila kazi. Alijua mafundi wawili waliokuwa wakisubiri akatae. Alijaza mawe. Alishindilia siku mbili, akamwaga maji, akashindilia tena, akaongeza simenti kuliko kawaida, na kila mara alipokanyaga pale alihisi mguu ukikubaliwa na ardhi kwa wepesi asioupenda. Kisha akapandisha ukuta. Neno hilo hakumwambia mtu yeyote, hata mke wake. Mwaka 2001 Emanuel alipougua na kufa, Wolfgang alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Watu walipokuwa wakilia uani, yeye alijikuta akiitazama kona ya mbele kushoto. Ilikuwa imesimama wima. Akajiambia kwamba labda alikosea, labda ardhi ilikwisha kutulia.

Sasa Violeth alitoka jikoni akijifuta mikono, akampokea baiskeli.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu. Mama yuko?”

Oliva alikuwepo, na alikuwa na haraka ya mtu mwenye shughuli. Alimtembeza ndani akimwonyesha nyufa kama anavyoonyesha mtu madoa ya kufua. Huu hapa juu ya dirisha la sebuleni. Huu mwingine chumbani kwa bibi. Alisema mwaka jana aliuziba mwenyewe kwa udongo mweupe, ukarudi.

Wolfgang alianza na ule wa kwanza. Ufa wa juu ya dirisha ulipanda kwa ngazi, ukifuata kiungio cha tofali moja hadi nyingine, na ulikuwa mwembamba chini na mpana juu. Aliingiza ncha ya kisu. Ndani mlikuwa safi, rangi ya tofali ilikuwa mpya, bila vumbi wala utando wa buibui. Ufa wa zamani huwa mchafu. Huu ulikuwa umefunguka wiki hizi hizi. Dirishani kioo kimoja kilikuwa kimepasuka kutoka pembe hadi pembe, na Oliva akasema hakuna aliyekirushia jiwe, walikikuta hivyo asubuhi moja.

Chumba cha kona kilikuwa cha bibi Hilaria, mama yake Emanuel, mwanamke wa miaka themanini na kitu aliyekuwa amekaa kitandani akichambua maharage kwenye ungo. Wolfgang alimwamkia kwa heshima, naye akamwitikia, kisha akaanza kuulalamikia mlango. Mlango ule haufungi. Tangu mvua zianze anausukuma kwa fimbo. Wolfgang alipima fremu kwa macho: pembe ya juu ilikuwa imebana, ya chini imeachia nafasi ya kidole. Sakafu nayo ilikuwa imejitenga na ukuta wa mbele. Punje ya harage ilidondoka kutoka kwenye ungo, ikabingirika polepole kuelekea pembeni, ikatumbukia kwenye mwanya ule. Alipogonga sakafu kwa mpini wa nyundo, karibu na mlango ilijibu kwa sauti nzito. Karibu na kona ilijibu kama debe tupu.

Akatoka nje kwenye mvua. Alining'iniza timazi kwenye pembe ya ukuta, na uzi ukaonyesha ukuta umeinama nje, kuelekea bondeni, upana wa vidole viwili. Lakini lililomtisha zaidi lilikuwa maji. Nyumba haikuwa na mfereji wa bati, kwa hiyo maji ya paa zima la mbele yalimwagika pale kwenye kona. Palitakiwa pawe na dimbwi. Hapakuwa na dimbwi wala kijito. Maji yote yalikuwa yakianguka na kupotea, yakiingia chini ya nyumba kimya kimya. Wolfgang alisimama akiyatazama yanavyokwenda, mpaka Oliva alipomwita akanywe chai.

Hakuziba ufa wowote siku ile. Alikitoa dirishani kile kioo kilichopasuka, akakikata vipande vinne vyembamba, akavibandika kwa simenti juu ya nyufa nne, kila kipande kimeshika kushoto na kulia. Kando ya kila kimoja akaandika tarehe kwa penseli. Oliva alimuuliza ni kitu gani kile, na rangi ataanza lini.

“Nataka kujua kama huu ufa umelala au unatembea,” alisema. “Nipe siku mbili, Mama Violeth.”

Usiku wa siku hizo mbili hakulala vizuri, na mke wake alidhani ni mgongo. Jumatano saa nne asubuhi alirudi. Vipande vitatu kati ya vinne vilikuwa vimekatika katikati. Cha chumbani kwa bibi kilikuwa kimekatika na kingo zake zimeachana kiasi cha kupitisha ukucha.

Alimwomba Oliva watoke nje, wakakaa kwenye banda la jikoni ambako Violeth na shangazi zake waliokuja kusaidia hawakuwepo. Moto ulikuwa ukifuka. Wolfgang alivua kofia. Alikuwa amepanga maneno njiani, lakini yalipofika mdomoni yalikuja kwa mpangilio mwingine.

“Hii nyumba itaanguka, Mama Violeth. Kona ya mbele. Sijui siku.”

Oliva alijifunga kanga upya kiunoni.

“Na nilijua,” akaendelea. “Siku tulipochimba msingi nilijua. Chini ya kona ile kuna jivu. Kuna shimo la tembe ya zamani. Nilipaswa kukataa kujenga, sikukataa.”

Oliva aliinama motoni. Alichukua kijiti, akachokoa moto, akakirudisha mahali pake. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

“Emanuel alijua?”

Wolfgang alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Marehemu hangerudi kumsuta. Aliona waziwazi kwamba uongo huo ungekuwa mwepesi kwao wote wawili, kwa mjane zaidi.

“Alijua. Nilimwambia.”

“Akamlaza mama yake mle.”

“Alidhani itatulia. Hata mimi nilijidanganya hivyo.”

Oliva alisukuma kijinga kimoja motoni. Halafu akauliza maswali ya kawaida, moja baada ya jingine: ni vyumba vipi, nyuma pako salama, inaweza kutengenezwa. Wolfgang alijibu alivyojua. Nusu ya nyuma imekalia udongo mgumu, ile itasimama. Sebule na chumba cha kona visikaliwe. Kutengeneza ni kubomoa ukuta wa mbele, kuchimba upya mpaka chini kabisa, na hilo haliwezekani mvua ikinyesha. Kwa sasa ataegemeza kona kwa magogo ya mkaratusi na kuchimba mfereji wa kuyatoa maji, ingawa hakutaka kumpa matumaini. Akamwonyesha pia jinsi ya kuchora mstari mmoja wa penseli kukatiza ufa, kuanzia tofali hili hadi lile, na kuutazama kila asubuhi.

Aliomba msamaha. Oliva alisema hilo watalizungumza siku nyingine, sasa ana wageni wa kupokea.

Felician, mdogo wake Emanuel na mkubwa wa familia tangu kifo hicho, alifika Alhamisi. Alikuta vitanda vinatolewa na magogo yameegemezwa ukutani, akataka kujua. Oliva alimwambia kwamba nyumba ni ndogo kwa wageni wengi, wataketi uani upande wa juu, chini ya turubai. Hakumtaja Emanuel, na Wolfgang alielewa kwamba analinda jina la marehemu. Felician hakuridhika. Aliizunguka nyumba, akaziona nyufa na vioo vya fundi, akaupiga ukuta kwa kiganja, akasema imesimama miaka kumi, imemaliza mvua zile kubwa za mwaka tisini na saba, leo ndiyo iogopwe kwa ajili ya mistari miwili. Alisema mafundi hutafuta kazi pasipo na kazi. Kuhusu vioo, alisema kioo hata panya hukivunja.

Bibi Hilaria naye aligoma. Alihamishiwa chumba cha nyuma Ijumaa asubuhi na Ijumaa jioni alikuwa amerudi kitandani kwake, kwa madai kwamba kule nyuma kuna baridi na kwamba mwanawe alimjengea chumba hiki, si kile. Oliva alijaribu, Violeth alijaribu. Mwishowe walimwacha, na Oliva akawa analala kwenye mkeka mlangoni pake, amevaa nguo za mchana.

Jumamosi mvua ilianza saa nane, wageni wa Katesh wakiwa ndiyo kwanza wameketi. Turubai lilibeba maji, likalegea, likamwagia meza ya wazee wa upande wa mume. Felician aliona aibu ile hawezi kuivumilia. Alikwenda akafungua sebule, akawaita wazee waingie, na watu kumi na wawili au kumi na watatu waliovaa makoti wakainuka na sahani zao, wakaingia. Wengine wakaanza kuwafuata.

Wolfgang alikuwa amealikwa kama jirani. Alikuwa amekaa nyuma na mke wake, sahani ya pilau magotini. Aliona mlango ukifunguliwa, akaona watu wazito wanakanyaga sakafu ile moja baada ya mwingine, maji yakimwagika kwenye kona kupita mfereji aliouchimba. Akainuka. Mke wake baadaye alisema alidhani anakwenda kuwasaidia kubeba viti.

Alisimama mlangoni, akiwa ameloa, akawaamkia wazee wa Katesh. Wakamwitikia. Kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka uani, “Wazee wangu, naomba mtoke. Nyumba hii niliijenga mimi. Msingi wa kona hii niliuweka juu ya jivu nikijua ni jivu, na sasa unaondoka. Mkikaa humu siwezi kulijibia litakalowapata.”

Muziki ulikuwa umezimwa kwa sababu ya mvua, kwa hiyo kila mtu alisikia. Felician alimshika mkono kumtoa, akimwambia kwa sauti ya chini kwamba amelewa. Wolfgang hakunywa pombe, na watu wa Daudi walilijua hilo. Wazee walitazamana. Mmoja wao, mfugaji mrefu wa kutoka uwandani chini ya mlima Hanang, aliinua macho kwenye ufa wa juu ya dirisha, akautazama kwa makini, akaweka sahani mezani na kutoka. Wengine wakamfuata. Sherehe ilimalizikia chini ya turubai linalovuja na kwenye banda la ng'ombe, Violeth akilia na kitenge chake kipya kikiwa na tope hadi kiunoni.

Nyumba haikuanguka.

Ilisimama Jumamosi hiyo usiku, ikasimama Jumapili, ikasimama wiki nzima. Kanisani watu walimpisha Wolfgang kwa namna ambayo hakuizoea. Kazi mbili alizoahidiwa, choo cha zahanati na duka jipya la mtu mmoja wa kijiji cha Tumati, zilipewa wengine, kwa sababu nani atampa kazi fundi aliyesema mwenyewe kwamba alijenga juu ya jivu? Mjini walimpa jina, Fundi Jivu. Harusi ilifungwa Katesh Jumamosi iliyofuata, hakualikwa. Mke wake, ambaye kwa mara ya kwanza alisikia habari ya msingi ule pamoja na umati, hakumsema. Alimuuliza tu kama nyumba yao wenyewe iko salama, na Wolfgang akamwambia iko salama, na akaona kwamba hakuamini moja kwa moja.

Yaliyotokea Jumatano baada ya harusi Wolfgang alisimuliwa na Oliva mwenyewe. Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika. Jua lilitoka kali, la kwanza baada ya wiki nyingi, mvuke ukawa unapanda kwenye mabati. Felician alikuwa amesema kwamba wiki ile vitu virudi sebuleni na maneno ya fundi yaishe. Oliva aliingia chumbani kwa mama mkwe kama alivyofanya kila siku, akatazama mstari wake wa penseli. Jana yake ulikuwa mstari mmoja. Sasa ulikuwa vipande viwili visivyotazamana, cha kushoto kimeshuka upana wa kidole. Alipokuwa bado ameinama akasikia kitu kidogo, kama mtu anayemwaga mchele kwa uangalifu. Chembe za lipu zilikuwa zikidondoka nyuma ya kabati.

Bibi Hilaria alikuwa amelala. Oliva alijua akimwambia nyumba inaanguka, bikizee atabishana, na kumbeba peke yake hangeweza. Akamwambia Padre amekuja kumsalimu, yuko uani.

Bibi aliamka mara moja. Lakini hangetoka mbele ya Padre hivihivi. Alidai kitambaa chake cha kichwa, kile cheupe. Alidai viatu. Akajifunga kanga, hakuridhika, akaifungua, akaifunga tena, huku Oliva akimshikia fimbo na kuhesabu kila chembe iliyoanguka. Mlangoni bibi akakumbuka rozari, akataka kurudi. Oliva alimshika kiuno akamwambia rozari ataiokota yeye, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitano ya kuolewa akamsukuma mama mkwe wake.

Walikuwa wamefika kwenye mti wa parachichi, hatua kama thelathini. Hapakuwa na kishindo kama alivyotarajia. Magogo ya mkaratusi yaliteleza kwanza. Kisha kona ikashuka, wima, kama mtu anayekaa chini, na ukuta wa mbele ukaifuata ukilalia bondeni, na bati likakunjika kwa mlio mrefu. Vumbi jekundu likapanda juani. Lilipotulia, chumba cha bibi kilikuwa wazi, na kitanda hakikuonekana chini ya tofali.

Bibi Hilaria aliuliza Padre yuko wapi.

Wolfgang alifika mbio, amesikia mlio kutoka shambani kwake. Alimkuta Oliva amekaa chini, amemshika mama mkwe mkono. Mahali palipokuwa kona palikuwa na shimo, na kingoni mwake jivu lilikuwa limelowa na kuwa kama uji. Felician alikuja baadaye, akasimama kando ya Wolfgang, na wote wawili wakatazama mle ndani. Halafu Felician akavua koti, wakaanza kuokota mabati.

Nyumba ile waliijenga upya kiangazi kilichofuata, ikiwa fupi kwa vyumba viwili, msingi wake umerudishwa kwenye udongo mwekundu. Wolfgang hakuchukua ujira. Oliva alimpikia chakula kila siku ya kazi, na siku moja, akimpokea sahani, alimwambia kwamba lile alilomwomba kule jikoni amempa. Kuhusu Emanuel hawakuzungumza tena.

Lakini Wolfgang hakupata utulivu aliodhani angeupata. Kati ya mwaka 1995 na 1998 alikuwa amejenga nyumba nyingine tisa za haraka, na sasa kila moja ilimjia kichwani na udongo wake. Alianza kuzizungukia kwa baiskeli, Daudi kwanza, halafu mjini, halafu mbali zaidi, akiwa na timazi mfukoni. Wengi walimpokea, habari ya nyumba ya Emanuel ilikuwa imeenea, na wenye nyumba walimfuata chumba kwa chumba, wakishika pumzi kila alipogonga sakafu. Sita alizikuta nzima. Moja mwenye nyumba alikubali kuihama mpaka itengenezwe. Moja ilikwisha kubomolewa kwa sababu nyingine, akashukuru.

Ya tisa ilikuwa Tumati, ya mfanyabiashara aitwaye Lukasi, duka mbele na familia ya watu wanane nyuma, kwenye kiwanja kilichojazwa kifusi cha moramu juu ya chemchemi. Lukasi alimkaribisha kwa soda, akamsikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa upole. Alisema nyufa ni za kawaida, kila Krismasi anapaka rangi na zinaisha. Wolfgang alirudi mara ya pili, na mara ya tatu akaenda na mwenyekiti wa kitongoji. Mara ya nne mke wa Lukasi alimwambia kutoka dirishani kwamba baba hayupo, wakati pikipiki yake ilikuwa uani.

Tangu hapo, kila akienda mnadani Tumati, husimama upande wa pili wa barabara kuitazama nyumba ile kabla ya kununua chochote. Mwaka jana ufa wa pembeni ulikuwa umefika kozi ya tano. Mwaka huu rangi ni ya bluu, imepakwa nene, na ufa umeshatokea juu yake, safi, umefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Watoto huketi kwenye kibaraza chini yake wakicheza karata. Wolfgang huwaita, nao hutoka wakamwamkia, akawauliza mambo ya shule, akawachelewesha pale barabarani kadiri anavyoweza.